Kutoka skripti hadi runingani: namna ya kuitumia Bodi ya Filamu ukiwa Dar es Salaam

Kazi nyingi za hapa Dar hufuata mkondo mmoja. Fedha inapatikana, waigizaji wanaitwa, kamera na taa zinakodiwa, watu wanashuti usiku na mchana, mhariri anakesha, posta inapendeza. Kituo cha televisheni kinaitazama kazi na kuipenda, halafu mtu wa mikataba anauliza: kibali cha kutengeneza kiko wapi, na cheti cha uhakiki kiko wapi? Hapo ndipo prodyuza anapoikumbuka Bodi ya Filamu, wakati mambo ambayo Bodi ingemsaidia yameshapita.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kugeuza mkondo huo. Bodi humfaa zaidi mtu anayeifikia akiwa na skripti mkononi kuliko anayeifikia na filamu iliyokwisha. Nitatumia mfano mmoja tutembee nao: tamthilia ya vipindi 13 kuhusu binti aliyetoka Singida kuja kufanya kazi za ndani Mbezi Beach, na baba mwenye nyumba anaanza kumsumbua. Ni hadithi ya kubuni, lakini kila anayeijua Dar anajua kwamba inahitaji kusimuliwa.

Kwanza, jua unakwenda kwa nani

Bodi ya Filamu Tanzania ni chombo cha serikali kilicho chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni, sanaa na michezo. Inasimama juu ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na kanuni zake za mwaka 2011 ambazo zimekuwa zikifanyiwa marekebisho. Kwa sheria hiyo ndiyo inayotoa kibali cha kutengeneza filamu, inayohakiki kazi na kuipa daraja la umri kabla haijaonyeshwa, na inayosimamia maeneo ya maonyesho. Juu ya hayo imebeba jukumu la kuikuza tasnia: mafunzo kwa watengenezaji, kuwaunganisha na masoko, na tamasha la tuzo za filamu ambalo lilianza mwaka 2021.

Wenzetu wa Kenya wana ofisi mbili: Kamisheni ya Filamu inayovutia na kulea uzalishaji, na bodi nyingine ya kuainisha filamu. Kwetu mlango ni mmoja. Anayekagua ndiye huyohuyo anayelea. Wapo wanaoliona hilo kuwa tatizo, na hoja yao ina uzito, kwa sababu ni vigumu kumwendea kwa moyo mweupe mtu unayehofia atakukatalia kazi. Hata hivyo lina faida ambayo wengi hawaitumii: ofisa atakayeshauri juu ya skripti yako yumo katika nyumba ileile itakayoihakiki. Ukimuuliza mapema, amekuonyesha njia nzima.

Usiende ukitarajia kupewa bajeti. Zamani serikali ilitengeneza filamu yenyewe kupitia Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968. Leo anayetengeneza ni wewe. Serikali inakupa karatasi zinazofungua milango, na kwenye mji kama huu karatasi hizo ni fedha.

Hatua ya 1: Jipange kama biashara

Sajili jina la biashara au kampuni BRELA, pata namba ya mlipakodi kutoka TRA, fungua akaunti ya benki kwa jina hilo, na weka nakala za vitambulisho vya NIDA vya wahusika wakuu. Jiunge na chama cha fani yako kilicho chini ya Shirikisho la Filamu. Siku ukipatwa na mgogoro wa malipo au wa haki, chama ndicho kitakachosimama nawe mbele ya ofisi hizi. Hatua hii haina utamu, imalize mapema usonge mbele.

Hatua ya 2: Safisha haki za hadithi kabla ya kupeleka skripti

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapokwama. Watu wanne wamekaa kibarazani Sinza, mmoja katoa wazo, mwingine kaandika, wa tatu kaongeza wahusika, wa nne ndiye mwenye fedha. Hakuna aliyesaini kitu. Tamthilia ikiuzwa, wote wanne ni wenyewe.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kinacholindwa ni kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, si wazo tupu. Hadithi ya binti wa Singida ikibaki mdomoni, mtu mwingine anaweza kutengeneza yake na usimfanye kitu. Ukishaiandika, ulinzi unaanza hapohapo bila kusubiri usajili, na kwa kuwa Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, unaendelea hata nje ya mipaka. Kusajili COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaohitajika siku watu wanapokana mlichokubaliana.

Kwa hiyo andika mkataba na mwandishi, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja. Eleza analipwa kiasi gani na lini, na anahamisha haki gani: televisheni peke yake, au pamoja na mtandao na nchi za nje? Msimu wa pili ukija, anaitwa tena au la? Fanya hivyohivyo kwa mwigizaji, mpiga picha na mtunzi wa muziki. Muziki una mtego wake. Wimbo wa Bongo Fleva uliousikia baa ukaona unaifaa fainali yako una mtunzi, mwimbaji, na mara nyingi kampuni iliyoumiliki. Barua ya ruhusa kutoka kwa mwimbaji peke yake inaweza isitoshe. Kama bajeti ni ndogo, tafuta kijana anayepiga gitaa vizuri akutungie wimbo mpya kwa mkataba wa ukurasa mmoja. Utaupata kwa bei nafuu na utalala usingizi.

Hatua ya 3: Omba kibali cha kutengeneza

Sheria inataka kibali kabla ya kushuti, iwe ni filamu ndefu, tamthilia au makala. Maombi hupitia mfumo wa serikali wa mtandaoni, na ukikwama, ofisi za Bodi zipo hapahapa Dar, nenda uonane na watu. Katika wilaya yako, iwe Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, yupo Afisa Utamaduni, na huyo ni mlango wa karibu zaidi kwa anayeanza. Ada zimebadilishwa mara kadhaa, na anayetoka nje hulipa tofauti na mwenyeji, kwa hiyo uliza kiwango cha siku hiyo badala ya kutegemea alicholipa rafiki yako. Malipo ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu. Mtu akikuomba fedha mkononi, si ada hiyo. Tunza risiti.

Andaa mafungu haya: barua ya maombi, muhtasari wa hadithi, skripti kamili, orodha ya maeneo na tarehe za kushuti, orodha ya wahusika na wafanyakazi wakuu, na nakala za usajili wako. Kuhusu muhtasari nina la kusema zaidi, maana ndio unaosomwa kwanza.

Andika ukurasa mmoja, na usimulie mpaka mwisho. Muhtasari unaoishia na "je, binti ataokoka?" unafaa kwenye tangazo, lakini haumsaidii ofisa anayetaka kujua kazi inaelekea wapi. Halafu taja mwenyewe maeneo magumu. Katika mfano wetu kuna tukio la baba mwenye nyumba kuingia chumbani kwa binti usiku. Usilifiche. Eleza kwamba kamera itabaki koridoni, kwamba mtazamaji atasikia mlango ukifungwa na ataona uso wa binti kesho yake jikoni. Sasa ofisa anajua unatengeneza kazi inayopinga ukatili, na anaweza kukushauri kabla hujatumia hata shilingi kama ulivyolipanga tukio linafaa kwa muda wa jioni ambapo familia nzima imekaa sebuleni, au litaisukuma kazi kwenye daraja la watu wazima. Kulibadilisha kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Kulishuti upya maana yake ni kuikodi nyumba tena, kumrudisha mwigizaji ambaye ameshanyoa nywele, na kulipa kila mtu mara mbili.

Masuala ya dini, kabila, siasa, watoto na watu wenye ualbino yanahitaji uangalifu uleule. Simaanishi uyakwepe. Sinema isiyogusa kidonda haina kazi katika jamii hii. Ninachosema ni kwamba nenda ukiwa umeshafikiria, na uweze kueleza kwa nini tukio lipo na limepigwaje. Ofisa akikukatalia jambo, omba sababu kwa maandishi, ujibu kwa maandishi.

Tarehe nazo zipange kwa akili. Masika huanza Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na Jangwani ikijaa maji mji unakatika vipande viwili. Omba kibali chenye nafasi ya siku za ziada, usije ukalazimika kuomba upya kwa sababu ya mvua.

Hatua ya 4: Kutoka Bodi kwenda kwenye lokesheni

Wengi wanadhani kibali cha Bodi kinakuruhusu kusimamisha kamera popote. Hapana. Kinathibitisha kwamba serikali inakutambua na inaijua kazi yako. Mwenye eneo bado ni mwenye eneo, na Dar ina wenye maeneo wengi.

Anza na mtaa. Mwone mwenyekiti na mtendaji wa mtaa siku kadhaa kabla, si asubuhi gari la genereta limeshaziba njia. "Shikamoo mzee. Sisi tumekuja na kazi ya filamu, kibali chetu hiki hapa, tungependa kutumia nyumba ile ya geti la kijani kwa siku nne, na tumekuja kwako kwanza." Maneno hayo yana nguvu kuliko barua yenye mihuri mitano. Mwenyekiti atakutambulisha kwa majirani, atakuambia msiba uko nyumba ya pili na kwamba Jumamosi kuna harusi yenye spika kubwa. Uliza pia saa za adhana na ibada. Mtu wa soundi akizipata hizo mapema, atazipanga kama mapumziko.

Kisha angalia eneo lenyewe ni la nani. Barabara kuu kama Bagamoyo au Mandela ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mitaa ya ndani kwa kawaida iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Popote utakapozuia magari unahitaji trafiki, na ombi hilo linapita kwa polisi wa eneo. Kivuko cha Magogoni kiko chini ya TEMESA (wakala wa ufundi na umeme), bandari ni ya TPA, treni na vituo vyake ni vya TRC, njia na vituo vya mwendokasi viko chini ya DART. Kariakoo sokoni kuna shirika la masoko lenye uongozi wake. Ukitaka ufukwe wa Mbudya au Bongoyo, visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari na vina mamlaka yake. Msitu wa Pugu uko kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Hospitali na shule zina wakuu wake, na faragha ya mgonjwa au mwanafunzi ambaye hayumo kwenye kazi yako ni jambo zito.

Hapa ndipo barua ya Bodi inapojilipa. Ukipeleka ombi TRC ukiwa umeambatisha kibali, mtu wa mapokezi hana haja ya kujiuliza wewe ni nani. Ukikosa jibu, rudi Bodi uwaombe barua ya utambulisho kwa taasisi hiyo mahususi. Waandikie wazi: eneo gani, saa ngapi, watu wangapi, vifaa gani. Wengi hawajui kwamba msaada wa aina hii unaweza kuombwa. Kwa maoni yangu msaada huo hautoshi. Mji unaotaka kuvutia filamu ungekuwa na dirisha moja la maeneo yote, prodyuza analipa na kupangiwa ratiba bila kuzunguka ofisi sita. Vyama vyetu vinapaswa kulidai hilo kila vinapokaa na wizara. Mpaka litakapokuja, tenga mtu mmoja kwenye timu ambaye kazi yake ni vibali tu, na mlipe kama unavyomlipa kameramani msaidizi.

Kuna maeneo ya kuacha kabisa bila ruhusa ya juu: Ikulu na mazingira yake, kambi za jeshi kama Lugalo, na vituo vya polisi. Hata picha ya kupita tu kutoka dirishani kwenye gari inaweza kuwaletea vijana wako matatizo.

Hatua ya 5: Sare, bunduki, droni na watoto

Mhusika polisi havai sare halisi au inayofanana nayo bila ruhusa ya Jeshi la Polisi, na mwanajeshi vilevile kwa jeshi lake. Omba mapema, ukiambatisha kurasa za skripti zenye matukio hayo. Bunduki, hata ya plastiki, ikionekana Manzese usiku bila polisi kujua, maisha ya mwigizaji wako yako hatarini. Toa taarifa kituo cha karibu na uwe na askari kwenye seti.

Droni inasajiliwa na kuombewa kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na inahitaji pia ridhaa ya upande wa ulinzi. Mji huu una uwanja wa ndege, kambi na Ikulu karibukaribu, kwa hiyo ombi hili huchukua muda. Kama picha ya juu si ya lazima, panda ghorofani kwa ruhusa ya mwenye jengo.

Mtoto akiigiza, pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi na awepo mlezi seti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Matukio yake ya usiku yapigwe mapema jioni au ndani kwa mapazia meusi.

Hatua ya 6: Kama kuna wageni kwenye kazi

Mtengenezaji kutoka nje akikutafuta umsaidie, wewe mwenyeji ndiye utakayebeba mafaili. Wafanyakazi wake watahitaji pasi ya Uhamiaji inayolingana na kazi, vifaa vitahitaji utaratibu wa forodha wa kuingizwa kwa muda na kutolewa tena, na hifadhi za wanyama zina vibali vyake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yanawataka watengenezaji wa nje kuikabidhi Bodi picha ghafi pamoja na orodha ya maeneo waliyopiga. Mwambie mgeni wako hilo kabla hajasaini bajeti. Na wewe usikubali kuwa wa kubeba mafaili tu: dai nafasi kwa vijana wa Dar kwenye kamera, soundi na mavazi, na majina yao yaonekane mwishoni mwa filamu.

Ukivuka kwenda Zanzibar, anza upya. Huko anayetoa kibali ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kibali cha Bara hakikufikishi mbali Mji Mkongwe.

Hatua ya 7: Seti

Nakala ya kibali ikae kwa meneja wa uzalishaji na nyingine kwenye gari. Ukibadili eneo au tarehe kwa kiasi kikubwa, iarifu Bodi. Basi.

Hatua ya 8: Uhakiki na daraja

Peleka kazi iliyokamilika, yenye sauti iliyochanganywa na tafsiri za chini kama zipo. Posta na trela navyo vinahakikiwa, jambo linalosahaulika, kisha posta inachapwa na kubandikwa Mwenge ikiwa bado haijaonwa na mtu. Mwombe mhariri atengeneze orodha ya matukio mazito na dakika yanapotokea, uiambatishe. Wahakiki watafurahi, na utaonyesha kwamba huna cha kuficha.

Kwa tamthilia, usisubiri vipindi vyote 13. Peleka kwa mafungu kadiri vinavyokamilika, ili marekebisho ya kipindi cha pili yakufundishe kabla hujafunga cha tisa. Panga tarehe ya uhakiki mbali na tarehe ya kuonyesha. Prodyuza aliyeshatangaza uzinduzi Mlimani City wiki ijayo hana tena uwezo wa kujadiliana na mtu yeyote.

Ukipewa daraja la watu wazima, lisikuvunje moyo. Linakuambia kazi iende saa ngapi na kwa nani. Kama unaamini wamekosea, omba lipitiwe upya, ukiandika dakika kwa dakika kwa nini.

Hatua ya 9: Soko, na msaada ambao haubandikwi ukutani

Cheti mkononi, sasa ongea na vituo. Azam ina chaneli ya Sinema Zetu, DStv ina Maisha Magic Bongo, na zipo TBC, ITV, Clouds, EATV, Star TV. Vituo viko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa maudhui wanayorusha, ndiyo maana wanang'ang'ania cheti chako: kinawalinda wao. Katika mkataba angalia miaka ya leseni, nchi, na kama wananunua haki ya kurusha au wananunua kazi yenyewe. Ukiuza kazi nzima kwa bei ya kurusha mara mbili, wajukuu wako hawatapata kitu, ilhali sheria ingeilinda kwa miaka 50.

Rudi Bodi kwa mambo matatu. La kwanza ni mafunzo: uliza yaliyopo ya skripti, sauti, uhariri au masoko, na upeleke vijana wako. La pili ni tuzo na matamasha. Barua ya Bodi humsaidia anayeomba viza kwenda kuonyesha filamu nje, na hapa nyumbani kuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. La tatu ni mtaji. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo kwa wasanii na watengenezaji kupitia benki, na ni mkopo, unarudishwa. Usiuombe kwa ajili ya ndoto. Uombe ukiwa na mkataba wa kituo, vibali, bajeti iliyochambuliwa na hesabu za kazi iliyopita, maana afisa wa benki anataka kuona fedha itarudi kwa njia gani. Kwa tamthilia yetu ya binti wa Singida, wakati mzuri wa kuomba ni kati ya msimu wa kwanza na wa pili: kituo kimeshaagiza vipindi vipya, lakini malipo yake yatakuja baada ya kuvipokea, na waigizaji wanataka kulipwa wiki hii. Mkopo wa kuziba pengo hilo unaeleweka benki. Msimu huo wa pili nao unahitaji skripti mpya na ombi jipya la kibali, kwa hiyo mwandishi aanze kuandika wakati wa kwanza bado uko hewani.